Msasa au Mnada

Katikati ya miaka ya 1960, Rick Derringer, kijana mpiga gitaa wa kundi la The McCoys, alilipeleka gitaa lake katika kiwanda cha Gibson, mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, likapakwe rangi upya. Lilikuwa Les Paul la mwaka 1957 lenye uso wa dhahabu, na kabla yake lilikuwa mikononi mwa John Sebastian wa The Lovin' Spoonful. Dhahabu ilikuwa imechakaa. Mafundi wa Kalamazoo wakaikwangua yote, wakalipaka wekundu wa cheri uleule waliokuwa wakiupaka kwenye magitaa mapya ya aina ya SG, wakamrudishia mwenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Kiwanda kilichozaa gitaa lile ndicho kilichofuta sura yake ya kwanza, kwa moyo mweupe kabisa, kama fundi viatu anayebadilisha soli.

Leo kazi hiyo ingemnyima mtu usingizi. Les Paul la 1957 ambalo bado lina dhahabu ya kiwandani ni mali ya thamani kubwa, na desturi ya soko la magitaa ya kale Marekani na Uingereza ni kwamba gitaa likishapakwa upya hupoteza karibu nusu ya bei yake, hata kama aliyelipaka ni fundi wa kupigiwa mfano. Ndiyo maana anayerithi gitaa la aina hiyo kwa mjomba, au anayelikuta kwenye dari la nyumba likiwa limebabuka na kupasukapasuka, hukabiliwa na uamuzi ambao Derringer hakuwa nao: alipige msasa lipendeze, au aliuze na makovu yake? Wengi huuchukulia uamuzi huo kuwa wa ladha na fedha tu. Kwa kweli ni wa historia pia, na historia yenyewe ni fupi mno; wapo watu hai walioishuhudia sehemu yake kubwa.

Rangi za magitaa ya umeme zilitoka kwenye magari. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, gari lilipakwa rangi ya mafuta kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, na kukauka kwake kuliweza kuchukua wiki kadhaa. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi ya nitroselulosi, yaani nyuzinyuzi za pamba zilizotiwa asidi ya naitriki kisha zikayeyushwa kwenye vimiminika vinavyoruka upesi. Inapulizwa kwa bomba la hewa, kimiminika kinaruka, rangi inabaki kavu. Kampuni ya General Motors ikaipaka kwenye magari yake ya Oakland, na muda si mrefu viwanda vya samani na vya ala za muziki vikaifuata.

Tabia tatu za nitroselulosi zina uzito katika kisa hiki. Hupakwa nyembamba sana. Haikomi kuzeeka: hugeuka njano taratibu, na ikitolewa kwenye baridi kali ikaingizwa ghafla kwenye joto, hupasuka mistari myembamba kama utando wa buibui. Tena haigeuki kamwe kuwa kitu kisichoyeyuka. Kemikali ya kuondolea rangi huilainisha kwa dakika chache. Rangi iliyo rahisi kupakwa ni rahisi kufutwa, na urahisi huo ndio ulioyaangamiza magitaa mengi.

Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, hakuwa na mahaba na mbao. Gitaa lake la kwanza lenye mwili mgumu liliingia sokoni mwaka 1950, na Stratocaster likafuata mwaka 1954. Yote yaliundwa kwa vipande vinavyofunguliwa kwa bisibisi. Shingo ikiharibika, inatolewa na kufungwa nyingine. Rangi nayo ilikuwa kipande tu. Mteja aliyetaka rangi tofauti na ya kawaida aliongeza asilimia 5 ya bei, akachagua kwenye kadi iliyojaa rangi za magari: Fiesta Red iliyotoka kwenye Ford Thunderbird ya 1956, Lake Placid Blue ya Cadillac ya 1958, Shoreline Gold ya Pontiac ya 1959. Nyongeza ile ndogo ndiyo inayowafanya wakusanyaji wa leo wapandishiane bei, kwa sababu wateja wengi wa wakati ule waliona haina maana.

Kalamazoo kulikuwa na mila nyingine. Gibson ilianzishwa mwaka 1902, na katika jengo lake la Parsons Street, lililofunguliwa mwaka 1917, kazi ilikuwa mandolini na magitaa yenye tumbo wazi, yanayochongwa na kung'arishwa kwa subira. Mwaka 1952, chini ya meneja Ted McCarty, kampuni ilitoa gitaa gumu lenye jina la Les Paul, mpigaji na mvumbuzi mzaliwa wa Waukesha, Wisconsin. Mwili ulikuwa wa mahogani, juu yake pamebandikwa kipande cha mbao ngumu nyeupe ya mepoli, na mepoli hiyo ikafichwa chini ya dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa unga wa shaba uliochanganywa na vanishi. Vanishi ikilika kwa jasho la mkono, shaba hushika kutu ya kijani. Magitaa mengi ya miaka ile yana ukungu wa kijani mahali mkono wa mpigaji ulipokaa.

Mwaka 1957 yalifungwa vinasa sauti vipya vya mhandisi Seth Lover, vyenye koili mbili zinazozima mvumo wa umeme. Mauzo hayakupanda. Mwaka 1958 Gibson ikaamua kubadilisha sura: dhahabu ikaondolewa, mbao ikaachwa ionekane, kingo zikapulizwa wekundu wa cheri unaofifia kuelekea njano katikati, kama anga la jua likizama. Gitaa hilo la rangi ya machweo liliuzwa karibu dola 265 na bado halikuwavutia wanunuzi. Hesabu za kiwanda zinaonyesha Les Paul Standard 434 zilizosafirishwa mwaka 1958, 643 mwaka 1959 na 635 mwaka 1960, na ndani yake zimo za dhahabu za mwanzoni na zenye umbo jipya za mwishoni. Wachunguzi hukadiria kwamba ya machweo yalikuwa kati ya 1,400 na 1,700. Mwaka 1961 umbo lile likaachwa, nafasi yake ikachukuliwa na gitaa jembamba lenye pembe mbili, lililokuja kuitwa SG.

Katika miaka hiyohiyo kiwanda kilijaribu pia umbo la mshale, Flying V, kwa mbao nyepesi ya limba, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, ikiwemo misitu ya Mayombe karibu na mlango wa mto Kongo. Kati ya mwaka 1958 na 1959 yalisafirishwa 98 tu. Mbao hiyo ilipakwa vanishi ya manjano isiyoficha kitu, kwa hiyo aliyekuja kulipiga msasa Flying V baadaye alikuwa akikwangua sehemu ya gitaa moja kati ya tisini na nane.

Wekundu wa machweo ulikuwa na udhaifu: rangi yake ya anilini haikustahimili mwanga. Gitaa lililoning'inizwa kwenye dirisha la duka, jua likilipiga kila alasiri, lilipoteza wekundu wote na kubaki njano ya asali au ya limau. Lililofungiwa kwenye kasha lake chini ya kitanda lilibaki jekundu. Ukifungua bamba la kuzuia mikwaruzo kwenye gitaa lililofifia, mara nyingi utakuta chini yake kivuli chekundu, umbo kamili la bamba, kikionyesha rangi ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Ndani ya mwaka 1960 Gibson ikabadilisha rangi, ikatumia wekundu usiofifia. Matokeo yake ni kwamba magitaa ya kabla ya hapo yalizeeka kila moja kivyake, kulingana na nyumba zilikokaa, madirisha na mikono. Jambo hilo halikupangwa na mtu yeyote, na hakuna fundi anayeweza kulirudisha likishafutwa.

Miaka michache baada ya kuachwa, magitaa ya machweo yalianza kutafutwa. Keith Richards alionekana na Les Paul la machweo mwaka 1964. Mwaka 1966 Eric Clapton alirekodi na John Mayall albamu ya Blues Breakers kwa gitaa kama hilo, lililopigwa kwa sauti kubwa kupitia ampi ya Marshall, na vijana wa Uingereza wakaanza kuyasaka madukani. Lile la Clapton liliibwa mwaka huohuo.

Upande wa Marekani, aliyewasha moto alikuwa Mike Bloomfield wa Chicago. Yeye alikuwa na Les Paul la dhahabu la 1954, na alimkuta Dan Erlewine, mpigaji wa kundi la The Prime Movers la Ann Arbor, akiwa na la machweo la 1959. Wakabadilishana, Bloomfield akiongeza dola 100. Erlewine baadaye alikuwa mmoja wa mafundi wa magitaa wanaoheshimiwa zaidi Marekani, na aliandika pamoja na Don MacRostie kitabu kinachofundisha hatua kwa hatua namna ya kulipaka gitaa rangi. Mtu huyo huyo aliyelitoa gitaa la machweo kwa la dhahabu na noti chache ndiye aliyewafundisha maelfu kuishika bunduki ya kupulizia rangi. Ilikuwa biashara ya haki kwa bei za siku ile. Mahitaji yakazidi, hata mwaka 1968 Gibson ikalirudisha umbo la Les Paul kiwandani.

Lakini kutafutwa hakukumaanisha kutunzwa. Kipindi cha 1967 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ndicho kilichoharibu rangi nyingi kuliko kipindi kingine chochote, na walioongoza njia walikuwa nyota wenyewe. George Harrison alilichukua Stratocaster lake la 1961, lililokuwa buluu hafifu, akalichora mwenyewe kwa rangi zinazong'aa na rangi ya kucha ya mkewe Pattie Boyd, akaliita Rocky. Gitaa la SG la Clapton lilichorwa mwaka 1967 na wasanii wa Kiholanzi waliojiita The Fool: malaika mwenye nywele za moto, nyota, milima. Mwaka 1968 John Lennon aliliondolea Epiphone Casino lake rangi yote hadi mbao nyeupe, kwa kuamini kwamba mbao isiyobanwa na vanishi hupumua na kutoa sauti huru zaidi. Ndilo alilopiga juu ya paa la ofisi za kampuni ya muziki ya Apple, London, tarehe 30 Januari 1969.

Mamilioni waliziona picha zile. Mbao tupu ikawa fasheni. Katika magereji ya Marekani na Uingereza vijana walimwaga dawa ya kuondolea rangi juu ya Stratocaster za 1957 na Les Paul za 1953, wakakwangua kwa kisu cha bapa, wakapiga msasa, wakapaka mafuta ya kitani. Dawa nyingi za siku hizo zilikuwa na kemikali ya dikloromethani, hatari kiasi kwamba Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019. Iliyeyusha rangi, na ikifika kwenye ukanda wa plastiki unaozunguka kingo za Les Paul, iliuyeyusha nao. Kosa la msasa lilikuwa la kimya zaidi: mviringo laini wa mwili wa Stratocaster, uliopimwa ili mkono upumzike juu yake, ulipungua milimita kadhaa, na milimita hizo hazirudi kwa rangi yoyote.

Kulikuwa pia na uharibifu wa makusudi mema. Kwa kuwa ya machweo yalikuwa machache na ya dhahabu ya 1952 hadi 1957 yalikuwa mengi kidogo, mafundi walianza kuyageuza: dhahabu inakwanguliwa, pembe ya shingo inarekebishwa, vinasa sauti vya koili mbili vinafungwa, machweo yanapulizwa. Mengine yalipendeza mno. Ila mepoli iliyofichwa chini ya dhahabu haikuchaguliwa kwa uzuri wake, kwani ilikusudiwa isionekane. Mara nyingi vipande viwili havilingani, au mshono hauko katikati. Gitaa likapoteza historia yake halisi ili livae ya jirani.

Biashara ndiyo iliyobadilisha macho ya watu. Mwaka 1970 George Gruhn, aliyesomea elimu ya wanyama na kuzoea kuainisha nyoka, alifungua duka la ala za kale Nashville pamoja na wenzake wawili. Mwaka 1975 Norman Harris akafungua lake Los Angeles. Watu wa namna hii walianza kuyatazama magitaa kama mtaalamu wa viumbe anavyotazama spishi: tarakimu za mfululizo, tarehe zilizoandikwa kwa penseli kwenye shingo, aina ya skrubu, umbo la lehemu ndani ya matundu. Mwaka 1991 Gruhn na Walter Carter walitoa kitabu cha kutambua magitaa ya kale, na elimu iliyokuwa ya wachache ikaingia kwenye begi la kila mnunuzi. Hata umiliki wa kampuni ukawa mpaka: kwa kuwa shirika la CBS liliinunua Fender mwaka 1965 kwa dola milioni 13, na kuanzia mwaka 1968 rangi ya polista, nene na ngumu, ikaanza kuchukua nafasi ya nitroselulosi, magitaa yaligawanywa kuwa ya kabla ya CBS na ya baada yake.

Hapo ndipo rangi ilipoacha kuwa pambo ikawa ushahidi. Vipuri vinaweza kununuliwa. Vinasa sauti vya 1959 vinatolewa kwenye gitaa moja na kutiwa kwenye jingine. Rangi ya kiwandani haihamishwi. Imekaa juu ya mbao tangu siku ya kwanza na inaonyesha kila kilichopita juu yake.

Namna wachunguzi wanavyoisoma inastaajabisha. Gitaa huwekwa gizani na kumulikwa kwa taa ya urujuanimno: vanishi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kijani cha njano, na mahali palipoguswa na rangi mpya panaonekana kama doa jeusi. Kwenye Fender za hadi katikati ya miaka ya 1960 hutafutwa matundu ya misumari. Fullerton walikuwa wakipigilia misumari midogo kwenye mwili ili usishike meza wakati wa kupulizwa na kukauka. Misumari iliondolewa baadaye, ikaacha matundu yenye mbao safi ndani. Tundu likiwa na rangi ndani yake, mwili ulipakwa mara ya pili. Mistari ya kupasuka nayo hutazamwa kwa kioo cha kukuza, maana mipasuko ya kweli hufuata mkondo wa baridi na joto, na iliyoghushiwa kwa wembe hunyooka kupita kiasi. Wapo walaghai wanaoijua elimu hii na kuigeuza, na kwa sababu hiyo gitaa la dola laki kadhaa halinunuliwi bila kufunguliwa.

Je, rangi inaathiri sauti, kama alivyoamini Lennon? Gitaa lake lilikuwa na tumbo wazi na mbao nyembamba, na huko hoja ina mahali pa kusimama. Kwenye gitaa la mwili mgumu hoja hiyo ni dhaifu sana. Kinasa sauti husikia mtikisiko wa nyuzi za chuma juu ya sumaku. Ngozi ya nitroselulosi yenye unene wa sehemu ndogo ya milimita, juu ya kilo nne za mahogani na mepoli, haina nguvu ya kuubadilisha mtikisiko huo kwa kiasi ambacho sikio lingeapa. Anayekwangua rangi akitafuta sauti anatafuta mahali pasipo na kitu. Afadhali abadilishe nyuzi.

Hata hivyo sheria ya nusu ya bei ina mapengo, na mapengo hayo yanafundisha zaidi kuliko sheria yenyewe. Lile gitaa jekundu la Derringer halikumpendeza tena lilipotoka Kalamazoo. Alisema limekuwa kitu kingine mkononi. Akaliuza katika duka la Dan Armstrong jijini New York, Clapton akalinunua, na mwaka 1968 akampa rafiki yake George Harrison, aliyeliita Lucy. Septemba mwaka huo Clapton mwenyewe alilipiga kwenye wimbo wa Harrison, While My Guitar Gently Weeps. Mwaka 1973 likaibwa nyumbani kwa Harrison Beverly Hills, likauzwa dukani Hollywood, likavuka mpaka hadi Mexico. Harrison alilikomboa kwa kutoa Les Paul la 1958 na gitaa la besi la Fender. Fikiria: alitoa Les Paul la 1958 ili kupata la 1957 lililokwanguliwa. Wekundu wake sasa ndio utambulisho wake, na kulirudishia dhahabu kungekuwa kuliharibu mara ya pili.

Stratocaster jeusi la David Gilmour wa Pink Floyd nalo lilitoka kiwandani likiwa la machweo. Lilipulizwa weusi dukani Manny's, New York, kabla Gilmour hajalinunua mwaka 1970, baada ya vyombo vya kundi lake kuibwa New Orleans. Aliligeuza kwa miaka mingi: shingo kadhaa, vinasa sauti vipya, matundu yaliyotobolewa na kuzibwa. Kwa vipimo vya mkusanyaji wa kawaida lina kila dosari. Tarehe 20 Juni 2019 Christie's waliliuza kwa dola 3,975,000, na mapato ya mnada mzima wa magitaa yake, zaidi ya dola milioni 21, yakaenda kwa ClientEarth, shirika la sheria za mazingira. Kilichonunuliwa pale ni albamu zilizopigwa kwa gitaa lile. Rangi haikuwa hoja.

SG la malaika liliponea chupuchupu. Rangi ya The Fool haikuandaliwa kustahimili jasho, na mwanamuziki Todd Rundgren alipolinunua kwa dola 500 kutoka kwa mwimbaji Jackie Lomax mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ikibanduka. Angeweza kulikwangua lote na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliwaachia mafundi wazibe sehemu zilizopotea na kupaka tabaka la kuilinda iliyobaki. Aliliuza kwa mnada mwaka 2000 kwa karibu dola 150,000. Mwaka 2023 likauzwa tena kwa dola milioni 1.27.

Mwenye gitaa asiyeitwa Clapton wala Gilmour hana albamu ya kumwokoa. Kwake njia ni mbili tofauti kabisa kwa tabia, na haifai kuziweka kwenye mizani moja. Kuuza kunaweza kujutiwa na bado gitaa likabaki zima mikononi mwa mwingine. Kukwangua hakurudi. Kama rangi ni ya kiwandani, hata ikiwa imebakia theluthi, msasa usiguse. Kipanguso kikavu, kasha zuri na chumba kisicho na mabadiliko ya ghafla ya joto vinatosha. Kama mwenyewe haipendi sura hiyo, yupo mtu anayeipenda kwa moyo wote na yuko tayari kulipa, na fedha zake zitanunua gitaa jipya zuri sana na chenji ibaki.

Gitaa ambalo tayari lilipakwa upya ni kesi nyingine. Pengine rangi ya pili ilipulizwa juu ya ya kwanza bila kukwangua, desturi ya maduka mengi ya miaka ya 1960 yaliyotaka bidhaa ing'ae. Fundi mwenye subira anaweza kuliondoa tabaka la juu kidogokidogo kwa wiki nyingi mpaka la kiwandani litokeze, na kazi hiyo hurudisha thamani pamoja na sura. Lakini kama la kiwandani lilikwishatoweka, hakuna hati ya kulindwa. Hapo kupaka vizuri kwa nitroselulosi, kwa rangi ambayo gitaa lilizaliwa nayo, ni tendo la heshima, mradi picha za kabla na baada zitunzwe, na siku ya kuuza mnunuzi aambiwe yote. Magitaa kama haya ndiyo yanayofaa zaidi kwa mwanamuziki wa kazi: mbao ileile, vinasa sauti vilevile, nusu ya bei, na hakuna hofu ya kulitoa jukwaani.

Anayeamua kuuza atakutana na jambo la mwisho ambalo halihusu rangi. Ubao wa vidole wa Les Paul nyingi za miaka ile na wa Fender nyingi za kuanzia mwaka 1959 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni wa mti wa Dalbergia nigra wa Brazili, uliowekwa mwaka 1992 katika orodha kali zaidi ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kulivusha mpaka gitaa hilo kwa ajili ya kuuza kunahitaji vyeti vinavyothibitisha umri wa mbao. Watanzania wanaujua ukoo huo wa miti kwa karibu, maana mpingo ni Dalbergia pia. Mwaka 2017 miti yote ya ukoo huo iliwekwa chini ya udhibiti, na ala za muziki zilizokamilika zikaachiwa mwaka 2019, isipokuwa zile zenye mti wa Brazili. Wapo wauzaji wanaoamua kumtafuta mnunuzi ndani ya nchi yao kwa sababu ya karatasi hizo tu.

Soko lenyewe limekwishaonyesha linataka nini. Mwaka 1995 karakana maalumu ya Fender ilianza kuuza magitaa mapya yaliyochubuliwa na kuzeeshwa kwa makusudi, kazi ya rangi ikifanywa mwanzoni na Vince Cunetto huko Missouri. Gibson ikafuata kwa mkono wa Tom Murphy. Miongoni mwa nakala za Fender imo ya Stratocaster la 1961 la mpiga gitaa Rory Gallagher, ambalo alilinunua akiwa kijana wa miaka 15 kwa pauni 100 katika duka la Crowley's mjini Cork mwaka 1963. Jasho lake kali lilikula machweo karibu yote, likaacha mbao tupu yenye visiwa vya rangi, na Gallagher alilipiga hivyohivyo hadi kifo chake mwaka 1995. Oktoba 2024 wapiga mnada wa Bonhams waliliuza London kwa pauni 889,400, na kampuni iliyolinunua ikalitoa kwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Wanaotengeneza nakala yake hupaka kwanza machweo kamili, hungoja yakauke, kisha hushika picha za gitaa lile na kuanza kuondoa rangi kisiwa kwa kisiwa.